Kumbukumbu za Kikao cha Januari

Halmashauri ya Dolnice, kusini mwa Poland.
Waliohudhuria: kumi na watano. Akidi ilitimia.
Mwandishi: mimi, Halszka, mwaka wa ishirini na mbili
nikiandika yasemwayo, nikimeza yasiyosemwa.

Vuli ile alikuja mhadhiri kutoka Katowice
na chaki yake mwenyewe, kana kwamba sisi hatuna.
Akachora duara: tatizo, njia mbadala,
mizani, uamuzi, utekelezaji, tathmini,
kisha mshale ukarudi ulikoanzia.
"Hivi," alisema, "ndivyo serikali inavyofikiri."
Diwani Ireneusz alikuwa anamenya yai.
Aliuliza kama serikali hiyo ina nafasi za kazi.

Maana moshi tuliujua.
Ulishuka saa kumi jioni, majiko yakiwashwa,
ukakaa bondeni kama mgeni asiyejua kuaga.
Mwaka wa kwanza tulikataza kuchoma matairi.
Mwaka wa tatu, mbao zenye rangi.
Mwaka wa sita, vumbi la makaa,
isipokuwa siku za baridi kali,
na siku zote zilikuwa za baridi kali.
Haba na haba, tulisema, hujaza kibaba.
Hakuna aliyeinama kutazama kama kibaba kina kitako.

Bwana Gracjan aliuza mashine za kupasha nyumba joto.
Mto ulipofurika, dawa ilikuwa mashine zake.
Shule ilipokosa wanafunzi, mashine zake.
Watalii walipopungua akasimama tena, koti lilelile:
dawa inayozunguka mji ikitafuta mgonjwa.
Tulimcheka. Niliandika: "Maoni yamepokelewa."

Na rasimu ya kupiga marufuku majiko ilikuwepo.
Niliipiga chapa mara nane.
Ya nane ililala miaka tisa katika droo ya chini
pamoja na funguo zisizo na kufuli.

Kisha Jagoda.
Miaka saba, buti za kaka yake.
Jumatatu alijenga mtu wa theluji uani mwa shule,
Alhamisi yule mtu alikuwa na rangi ya panya.
Akamkata kichwa, akakitia ndooni,
akakileta kikaoni, akakiweka mezani
juu ya bajeti ya taa za barabarani.
Hakusema neno. Alikuwa na mafua.
Ukumbi ulikuwa na joto zuri, la makaa.
Pua ya karoti ikainama,
maji meusi yakatambaa taratibu
hadi kwenye kikofi cha shati la Ireneusz.

Watu wa televisheni walikuwepo kwa bahati,
wamefuata mzozo wa makaburi ya mbwa.
Uchaguzi ulikuwa Aprili.
Mkoa ulikuwa na fedha za kumaliza kabla ya Machi.
Bwana Gracjan, safari hii, alikuwa amepiga pasi koti.
Mambo yasiyojuana yakagongana mlangoni,
na mlango, kwa mara ya kwanza, ulikuwa wazi.

"Halszka," mwenyekiti alininong'oneza, "ile rasimu."
Nilipiga magoti mbele ya droo.
Kumi na moja ndiyo. Wanne hapana.
Dakika sita, pamoja na kufuta meza.

Niliandika: "Baada ya kupima njia zote mbadala,
Halmashauri imeamua." Ndivyo fomu inavyotaka.
Mhadhiri ataisoma, ataipachika kwenye duara lake,
aturudishie kama ushahidi.
Sikuandika karoti.
Sikuandika jinsi diwani Zdzisława, mjane, kura ya hapana,
alivyouliza pensheni yake itapasha joto chumba gani,
akaambiwa ruzuku iko njiani.
Swali lake nililiweka kwenye "Mengineyo".
Bado liko huko.

Nilifika nyumbani saa tatu usiku,
nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Nikavua glavu, nikafungua kile kimlango cha chuma,
nikachagua makaa makubwa, makavu,
nikayapanga moja moja, kwa adabu.
Sheria ilikuwa ianze Septemba.